Makaburi ya kale ya Kaole: tuyalinde pamoja na miti yake na watu wanaoyazuru

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, assalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Nimerudi kutoka Kaole juma lililopita, na nimeona nisinyamaze tena juu ya jambo ambalo limenikaa moyoni kwa miaka mingi, yaani namna tunavyoyatunza makaburi ya kale ya mwambao wetu. Wengi wenu mnapafahamu mahali hapo: ni kilomita chache kusini-mashariki ya mji wa Bagamoyo, penye magofu ya misikiti miwili na makaburi zaidi ya 20 yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Msikiti mkongwe kati ya hiyo miwili hukadiriwa kuwa wa karne ya 13, na mwanaakiolojia Neville Chittick alifanya kazi ya uchimbuzi hapo mwaka 1958. Mgeni akifika huonyeshwa mihrabu, kaburi refu lenye mnara na mbuyu mkubwa, akapiga picha, akaondoka. Mimi nilifika mara ya kwanza nikiwa mtoto, nimebeba ndoo ya maji, nikimfuata nyuma Bibi mzaa mama.

Kila mwezi wa Shaabani, siku chache kabla ya mfungo, Bibi alikuwa akitukusanya wajukuu, akatugawia mafagio ya chelewa, naye akachukua chetezo, ubani na fungu la rihani. Tulianza na makaburi ya ukoo, ambayo alama zake ni mashahidi mawili tu, jiwe la kichwani na jiwe la miguuni, kisha tukaenda kwenye yale ya kale ambayo hakuna aliye hai anayeweza kutaja nasaba za waliolala humo. Hatukuruhusiwa kung'oa nyasi juu ya kaburi. Tulizikata kwa kisu tukaacha mizizi ishike udongo. Moto ulikuwa marufuku kabisa. Majani ya mbuyu yaliyoanguka tuliyasogeza hadi chini ya shina, tukayaacha hapo. Sisi tukifagia, Bibi alizunguka ukuta wa kaburi akibonyeza lipu taratibu kwa dole gumba, na palipocheza alipaweka kijiwe ili amwonyeshe mlinzi wa magofu.

Safari hii nilisimama mbele ya kaburi lenye mnara kwa muda mrefu. Mabakuli ya kauri ya Kichina yaliyopachikwa zamani kwenye makaburi ya namna hii hayapo tena mahali pake, lakini chokaa haijayasahau. Ukitazama ndani ya kitundu utaona duara lililochorwa na kitako cha bakuli wakati chokaa ilipokuwa mbichi, limekaa vile vile kama fundi alivyoliacha. Katika kitundu kimojawapo nyigu amejenga kiota chake cha udongo, mviringo ndani ya mviringo. Hapo ndipo nilipoamua kuandika.

Hoja yangu ni kwamba Kaole imetufikia kwa sababu mambo matatu hayakuwahi kutenganishwa, nayo ni kaburi, mti na mtu anayekwenda kuzuru, na kwamba uhifadhi wowote unaolinda jiwe peke yake utalipoteza hata hilo jiwe. Fikirini jinsi mji wa kale wa Kaole ulivyokwisha. Tope lilijaa kwenye ghuba, mikoko ikaotea juu ya tope, majahazi yakakosa pa kutia nanga, na biashara ikahamia Bagamoyo. Nyumba za miti na udongo zikarudi ardhini. Kilichobaki kimesimama ni misikiti na makaburi, na makaburi hayakubaki kwa ugumu wa mawe tu. Yalibaki kwa sababu watu waliendelea kurudi. Hadi leo kuna kaburi linaloitwa la Sharifa ambalo watu hulijia kwa dua na nadhiri zao. Huko Kenya, kwenye kisiwa cha Manda, mji wa Takwa ulihamwa karne kadhaa zilizopita, lakini watu wa Shela waliotokana na mji huo wamekuwa wakivuka maji kwenda kuomba dua ya mvua penye kaburi la mnara. Mahali panapoombewa mvua hapamilikiwi na nyasi.

Kuhusu miti, nataka tukae kidogo, kwa maana hapa ndipo panapokosewa zaidi. Tunapozungumza kuhusu makaburi kuwa mahali pa maumbile, wengine hudhani tunataka kuleta kitu kipya, bustani ya maua na viti vya saruji, wakati maumbile yamo humo tangu zamani. Mbuyu hufungua maua yake meupe jioni, yakadumu usiku mmoja, na wanaoyachavusha ni popo walao matunda, ambao huruka masafa marefu wakitafuta mti uliochanua. Mti mmoja mkubwa una matundu ya ndege, nyuki kwenye mpasuko wa tawi, mijusi kwenye gamba, na kivuli ambacho hulifanya kaburi lililo chini yake lisipigwe na jua la mchana kutwa. Upande wa bahari kuna mikoko, mikandaa na michu, na hiyo ndiyo inayovunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika nchi kavu. Mikoko hiyo iliufungia mji bandari yake, na leo ndiyo inayoyakinga makaburi ya watu wa mji huo huo. Anayekata boriti pale anabomoa ukuta wa makaburi bila kujua.

Sasa niseme la uchungu. Mahali pengine kwenye mwambao huu, ambapo sitapataja, ukoo wetu una makaburi mengine ya zamani. Miaka kadhaa iliyopita ulikuja mradi wa kuyaboresha. Mkwaju uliokuwa katikati ulikatwa kwa hoja kwamba mizizi yake itapasua kuta. Nyasi zilichomwa moto. Kuta zikapigwa lipu ya saruji, ardhi ikamwagiwa kokoto, likajengwa geti, na ufunguo ukakaa kwa mtu ambaye hakuna mzee wa pale aliyemfahamu. Kwa macho ya haraka palikuwa pasafi. Baada ya masika machache lipu ile ilianza kubanduka, na ilipobanduka haikubanduka peke yake, iliondoka na uso wa jiwe pamoja na maandishi yaliyokuwemo. Wazee nao walikwisha kuzoea kutokwenda, kwa kuwa kumwomba mtu ufunguo ili umsomee mama yako Yasini ni jambo linalovunja moyo.

Mafundi wa zamani wangetueleza sababu kwa maneno machache. Jiwe la tumbawe ndilo linalochomwa tanuruni likawa chokaa. Ukichoma nyasi kando yake, joto la moto hulipasua na kuubandua uso wake. Saruji nayo ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu kama chokaa inavyopitisha. Maji yakipanda kutoka ardhini hukosa pa kutokea, chumvi iliyomo hujikusanya nyuma ya lipu, na inapokauka hujitanua na kulimenya jiwe kutoka ndani. Kaburi la chokaa linahitaji chokaa, iliyozimwa kwa maji na kulazwa ikapoa vizuri, na isiyotokana na matumbawe hai yanayong'olewa baharini.

Naomba michango yenu, hasa ya walioona mahali ambapo wenyeji, miti na makaburi vimewekwa pamoja na mambo yakaenda vizuri.

Mchangiaji kutoka Kwale

Shikamoo kwa wakubwa, na asante, ndugu yangu, kwa uzi huu.

Sisi Wadigo na Wamijikenda wenzetu tunayo makaya, na naona hoja yako inafanana na mambo tuliyolelewa nayo. Kaya ni mahali walipokaa wazee wetu wa mwanzo, pakazungukwa na msitu ambao haukatwi, na ndani yake mna makaburi na mahali pa kutambikia. Watu walihamia nje, lakini msitu ukabaki kwa sababu waliozikwa humo bado wana watoto wao nje. Ardhi ya mashamba imekwisha kusafishwa pande zote, kwa hiyo leo mtu akitaka kuona msitu wa asili wa pwani ulivyokuwa, pamoja na miti isiyopatikana kwingine, inambidi aingie kwenye kaya. Mwaka 2008 makaya yetu kadhaa yaliandikwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na kabla ya hapo, kuanzia miaka ya 1990, Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalikuwa yameunda kitengo cha misitu ya pwani ili kusaidiana na wazee.

Kaya Kinondo, karibu na Diani, hupokea wageni, lakini kwa masharti ya wazee. Mgeni hujifunga kaniki nyeusi kabla ya kuingia, huongozwa na mtu wa hapo hapo, haokoti hata jani, na zipo sehemu ambazo hapelekwi. Mapato husaidia kijiji. Nadhani siri ya Kinondo iko katika hizo sehemu ambazo mgeni hapelekwi. Kama kila mahali pangekuwa wazi kwa tiketi, kaya ingekuwa imegeuka kiwanja cha matembezi, na vijana wasingeona sababu ya kuogopa kukata mti.

Kuhusu vitundu vya mabakuli, nawakumbusha habari ya vigango vya Wagiriama, nguzo zilizochongwa kwa ajili ya wakubwa wa chama cha Gohu waliofariki. Vingi viliibwa na kuuzwa, vikaishia kwenye makumbusho na nyumba za watu huko Marekani. Mwaka 2007 viwili vilirejeshwa kwa familia iliyoibiwa. Familia hiyo isingevipata kama visingekuwa vimepigwa picha vikiwa bado vimesimama mahali pake. Kwa hiyo ombi langu kwenu watu wa Kaole ni kwamba kabla ya jambo lolote jingine, pigeni picha kila jiwe.

Mchangiaji kutoka Tanga

Assalaam aleikum warahmatullah. Mwanzisha uzi, nia yako naiona ni njema, lakini nina wasiwasi wa kidini ambao siwezi kuuficha. Mafundisho yetu yanakataza kujenga juu ya makaburi, kuyakalia na kuyafanya mahali pa ibada. Ukisema makaburi yawe mahali pa jamii, watu wataelewa kwamba ni mahali pa kupunga upepo, watoto watachezea juu ya waliolala, na wengine watawaomba wafu badala ya kuwaombea. Je, si afadhali makaburi hayo yaachwe yaishe taratibu kama yalivyoisha mengine?

Mwanzisha uzi

Waaleikum salaam, Ustadhi. Nimekusoma kwa heshima, na naomba nijibu kwa utaratibu, kwa sababu wasiwasi wako ni wa watu wengi na hautakiwi kupitwa.

Kujenga kaburi jipya la mnara hakuna anayekupendekeza. Yaliyopo yalijengwa na watu waliotangulia, na suala lililo mbele yetu ni kama tuyabomoe, tuyaache yabomoke, au tuyazuie yasidhuriwe. Kuhusu kuomba, nakubaliana nawe kwamba anayeombewa ni maiti na anayeombwa ni Mwenyezi Mungu, na hilo ni jukumu la walimu kulifundisha pale pale makaburini, kwa upole. Kufunga mahali hakujawahi kumfundisha mtu. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwakataza watu kuzuru makaburi, kisha akawaruhusu, akieleza kwamba ziara hukumbusha Akhera. Huwezi kuzuru mahali palipobomolewa.

Kuhusu kijani, unaifahamu vyema Hadithi ya makaburi mawili, pale Mtume alipochukua kuti bichi la mtende, akalipasua vipande viwili na kukisimamisha kimoja juu ya kila kaburi, akitaraji wapunguziwe adhabu maadamu hayajakauka. Wanazuoni wamejadili kama hilo lilikuwa lake peke yake au linafuatwa, na mimi si mtu wa kuwaamulia. Ninachojua ni kwamba wanawake wa pwani wanaopeleka rihani na maji kaburini, na wazee waliopanda misanapiti pembeni, walikuwa wakitenda kwa kuikumbuka habari hiyo. Kwa hiyo kaburi lenye mti juu yake halikutoka katika vitabu vya watu wa mazingira. Lilikuwa mikononi mwa bibi zetu kabla neno mazingira halijaanza kutajwa kwenye mikutano.

Na niliposema mahali pa jamii sikukusudia mchezo wala muziki. Nakusudia mahali ambapo mwalimu anaweza kuwaketisha wanafunzi chini ya mbuyu, nje ya mstari wa makaburi, akawaeleza mji ulikuwa wapi na bahari ilikuwa wapi. Ambapo mama anaweza kuingia asubuhi na chetezo chake bila kuulizwa risiti. Na ambapo mtu aliyefiwa anaweza kukaa kivulini nusu saa bila kusumbuliwa. Mipaka ya kutokanyaga iwe wazi, na aliye na haki ya kumkanya mtoto awe mzee wa pale, kwa sababu yeye ndiye atakayesikilizwa.

Mchangiaji aliyeko London

Habari zenu, ndugu. Naishi mashariki ya London, na mahali ninapokaa pana makaburi ambayo sasa ni hifadhi ya maumbile, kwa hiyo naona niwasimulie kidogo, msije mkadhani kwamba wenzetu walianza na busara.

Makaburi ya Tower Hamlets yalifunguliwa mwaka 1841, wakati viwanja vya makanisa ya mjini vilipokuwa vimefurika. Watu wapatao 350,000 wamezikwa humo, wengi wao maskini waliolazwa pamoja katika makaburi ya umma, bila jiwe wala jina. Maziko yalisimamishwa mwaka 1966, na mpango ulikuwa kupasafisha pawe kiwanja cha wazi cha kupumzikia. Mawe yalianza kuondolewa, makanisa madogo ya humo yakabomolewa, hadi wakazi walipopinga na kazi ikasimama. Mwaka 1990 wakazi wakaunda chama cha marafiki wa makaburi, na chama hicho ndicho kinachoyatunza mpaka leo pamoja na watu wa kujitolea.

Nimewahi kujitolea humo majira ya kiangazi. Kazi yenyewe si ya kuacha kila kitu kiote kinavyotaka. Sehemu za majani hufyekwa kwa zamu, na majani yaliyofyekwa hukusanywa na kuondolewa, kwa sababu yakiachwa yaoze hapo hapo ardhi hunenepa na magugu machache yenye nguvu yakayasonga maua ya porini. Magogo yaliyoanguka hulundikwa kando yawe makazi ya wadudu. Njia hufyekwa vizuri pande zote mbili ili anayepita aone mbele yake, na hilo limeondoa sehemu kubwa ya hofu ya watu kuvamiwa. Wanafunzi wa shule za jirani huja darasani humo. Na wazee wanaotafuta kaburi la babu yao husaidiwa kulipata kwenye orodha, hata kama jiwe halipo. Hilo la orodha ndilo lililonigusa zaidi, maana mimi mwenyewe siwezi kumwonyesha mwanangu kwenye karatasi yoyote mahali alipozikwa babu yangu.

Mchangiaji kutoka Kunduchi

Shikamooni. Mimi ni mama mtu mzima wa Kunduchi, na kwetu pia kuna msikiti wa magofu, makaburi ya minara yaliyokuwa na sahani za Kichina, na mibuyu. Tofauti ni kwamba Kaole bado ina nafasi ya kupumua, na sisi mji wa Dar es Salaam umetufikia mlangoni. Nyumba zimesogea, njia za mkato zimepita, na vichaka vinaogopwa kwa sababu ya vijana wasioeleweka. Mwanangu, haya mambo ya popo na nyuki ni mazuri, lakini niambie hili moja: ikija siku mtu akasimama na ramani akasema kiwanja ni chake, tutashika karatasi gani mkononi?

Mwanzisha uzi

Marahaba, Mama, na shikamoo. Umeuliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo.

Karatasi ya kwanza ni Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo inayalinda majengo na maziko yaliyofanywa kabla ya mwaka 1863. Kaburi la mnara, liwe la Kaole au la Kunduchi, linaingia humo moja kwa moja, na hakuna mwenye haki ya kulibomoa au kulibadilisha bila kibali. Lakini uutazame vizuri huo mwaka. Makaburi ya baadaye, yale ya mashahidi mawili ambayo nyanya zetu wamo, hayafikiwi na kinga hiyo kwa yenyewe. Yanafikiwa pale tu eneo zima linapotangazwa kuwa la hifadhi, na sheria inampa waziri mamlaka ya kufanya hivyo. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba magofu yako salama, muulize mstari wa mpaka unapita wapi, kwa sababu mara nyingi mstari huzunguka mawe makubwa na kuyaacha nje makaburi ya wadogo, miti na njia ya kuingilia.

Karatasi ya pili ni ya kuogopewa kidogo. Iko Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, ambayo inairuhusu serikali kuhamisha makaburi pale ardhi inapohitajika kwa shughuli za umma. Sisemi kwamba sheria hiyo ni mbaya. Barabara na mabomba ya maji lazima yapite mahali. Nasema kwamba inamsaidia aliyejiandaa. Kaburi linalojulikana, lenye jina, lenye ukoo uliojitokeza, hujadiliwa kwa heshima yake. Kaburi lisiloandikwa popote hugunduliwa na katapila. Tangu yatiwe saini makubaliano ya kujenga bandari kubwa Mbegani mwaka 2013, ardhi ya upande wetu wa Bagamoyo imekuwa ikitazamwa kwa jicho jingine, na hata kama mradi wenyewe umekwenda na kusimama, sisi tusisubiri uje ndipo tuanze kutafuta mashahidi kwenye majani.

Ndiyo maana nakubaliana na ndugu wa Kwale na wa London kwamba kazi ya kwanza ni kuandika. Tumekubaliana kwenye ukoo wetu, na nimewaomba majirani wafanye hivyo hivyo, tupite na wazee watatu au wanne walio hai, kaburi kwa kaburi, tuandike jina la aliyelala humo, la baba yake na la babu yake, tupige picha, na tutie alama kwenye ramani ya simu. Miti nayo iandikwe: mbuyu huu una jina gani, nani alipanda mkwaju ule, ni mti upi ambao watu huuonea haya kuukata. Makaburi yasiyo na jina yaandikwe pia, kwa sababu hilo nalo ni taarifa. Nakala moja ikae msikitini, moja ofisi ya mtaa au kijiji, na moja kwa watu wa mambo ya kale. Mpango wa matumizi ya ardhi utakapojadiliwa, twende na karatasi hiyo tudai kwamba makaburi, mibuyu na ukanda wa mikoko vichorwe kama eneo moja.

Kuhusu vichaka na usalama, Mama, usikubali kuambiwa uchague kati ya msitu na jangwa. Fyekeni njia na kingo zake, upana wa kutosha mtu kuona anayekuja, muache sehemu za ndani zisizo na njia. Mwarobaini unaojiotea wenyewe mpunguzeni, kwa sababu huzaliana haraka na kuisonga miti ya asili. Mibuyu msiiguse, na mkataze kuchimba mitaro karibu nayo, maana mizizi yake hutambaa mbali kuliko matawi.

Mchangiaji kutoka Kwale

Nina swali la fundi. Mti mdogo wa jamii ya mkuyu umeota ndani ya ukuta wa kaburi. Je, ung'olewe? Na vile vitundu vya mabakuli, hamfikirii kuweka mabakuli mapya yanayofanana, ili wageni waone palivyokuwa?

Mwanzisha uzi

Mti ulioota ukutani using'olewe, ndugu yangu, kwa kuwa mzizi ukivutwa hutoka na jiwe lake. Ukatwe karibu na ukuta ungali mdogo, kila unapochipua ukatwe tena hadi mzizi ufe wenyewe, kisha nafasi iliyobaki ijazwe chokaa na vijiwe na fundi anayeijua kazi hiyo, kwa kibali cha wahusika. Mti mkubwa ambao tayari umelikumbatia kaburi ni habari nyingine. Mara nyingi huo ndio unaolishikilia lisianguke, na kuukata kwa pupa ni kulibomoa.

Mabakuli mapya sitayaunga mkono. Yale ya asili yaliyopatikana yatunzwe kwenye makumbusho, na mgeni aonyeshwe huko. Vitundu viachwe kama vilivyo, kwa sababu lile duara la kitako cha bakuli ni kazi ya mkono wa fundi, na ukipachika kitu kipya juu yake unaifuta. Kingo zake zikilegea zishikizwe kwa chokaa laini, na hakuna zaidi ya hapo. Kile chenye kiota cha nyigu nimemwomba mlinzi asikiguse mpaka makinda yatoke. Shaabani ijayo tutakwenda na wajukuu wa Bibi waliobaki, na wa kwanza kuingia atakagua kama kiota kimetobolewa kwa ndani.